Nyumba ya urithi katikati ya Dar: kubaki, kuingia ubia, kuuza mkajenge pembeni, au kuchukua fleti?

Kama familia yenu ina nyumba ya zamani Kariakoo, Ilala, Magomeni, Kinondoni au Keko, dalali ameshafika barazani. Anaamkia wazee, anasifia eneo, halafu anataja namba inayowafanya watoto wa marehemu waanze kutazamana. Wiki inayofuata anakuja mwingine na habari za mwekezaji anayetaka kupandisha ghorofa kwa ubia. Na kwenye kundi la familia yupo binamu aliyehamia Madale, anatuma picha za geti na bustani yake, anauliza mnangoja nini huko kwenye kelele na maji ya mvua.

Nawaandikia waliokwama hapo. Nimekulia kwenye nyumba ya vyumba sita Magomeni, korido katikati, uwani jiko na choo, na wapangaji watatu ambao hadi leo nawaita mama wadogo. Nina mapenzi na nyumba za namna hiyo, na nasema mapema ili msomaji ajue. Lakini nimeona pia familia zilizoondoka zikapumua, na familia zilizobaki kwa mapenzi tu huku paa likiwaangukia.

Kabla ya kulinganisha, kumbukeni kwamba kuhamahama kwa wenye nacho katika jiji hili hakukuanza na binamu wa Madale. Wakoloni waliligawa Dar es Salaam kwa rangi: uzunguni pwani ya Oysterbay, uhindini katikati ya mji, uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda ndani, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama mpaka. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000. Wengi wa waliopoteza majumba Upanga na Kisutu walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao waliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000, na watumishi na wafanyabiashara wakapata njia ya kwenda Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni. Matokeo yanaonekana kwenye sensa. Kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulipanda kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Katika miaka hiyohiyo Mkoa wa Pwani, unaoanzia pale Dar inapoishia, ulikaribia kuongezeka maradufu, kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2.02. Si wote hao waliotoka Dar, lakini ukipita Kibaha au Vikindu jioni utaona mabasi yanamshusha nani.

Jambo la pili la kukumbuka ni wapi hasa nyumba za bei nafuu za jiji hili zilipo. Tukisikia maneno hayo tunafikiria majengo ya serikali. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lina nyumba za kupangisha takriban 18,000 kwa nchi nzima. Sasa jiulize muuza chips, fundi cherehani, muuguzi wa mwaka wa kwanza na mwanafunzi wa chuo wanalala wapi. Wanalala kwenye vyumba vya nyumba kama yenu. Nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba sita na banda la uani inahifadhi kaya tano au sita, karibu na kazi, kwa kodi ambayo ghorofa jipya haliwezi kuitoza. Ndiyo maana uamuzi wa familia yenu unagusa watu ambao hawapo kwenye kikao cha ukoo.

Vigezo vya kupimia

Nimepima njia zote nne kwa mambo matano yaleyale. Kwanza fedha: ya kuingilia na ya kila mwezi, pamoja na kodi za serikali. Pili karatasi, yaani mirathi, hati, vibali na mikataba. Tatu safari na huduma: kazi, shule, hospitali, maji, mafuriko. Nne hatima ya watu waliomo kwenye nyumba sasa, ndugu na wapangaji. Tano sauti yenu kwenye mtaa, kwa maana ya nani atawasikiliza mtaro ukiziba au eneo la wazi likivamiwa.

Hiki cha tano watu hukidharau. Mimi nakiweka kwa sababu mamlaka za mitaa zimepungukiwa nguvu miaka ya karibuni. Kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu, tangu 2017. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la zamani ilivunjwa na Ilala ndiyo ikapewa hadhi ya jiji. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na diwani wamebaki na mihuri, mikutano na uwezo wa kupiga kelele, na kelele hizo zinahitaji watu nyuma yao. Mtaa uliokimbiwa na walimu, makarani na wenye maduka unabaki na wapangaji wanaohama kila miezi sita kodi ikiisha. Ni vigumu kwa watu wa namna hiyo kumfuatilia diwani kwa miaka mitano.

Njia ya kwanza: kubaki na kuikarabati

Uzuri wa njia hii kifedha ni kwamba inakwenda kwa awamu. Mwaka huu mnabadilisha mabati, mwakani mnajenga choo cha maji na shimo la kisasa, mwaka wa tatu mnageuza vyumba viwili vya mbele kuwa chumba masta na fremu ya duka. Vyumba vinajilipia vyenyewe. Kodi ya majengo kwa nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, na kodi ya pango la ardhi inalipwa kwa mwaka. Hatari yake ni kwamba ukarabati hauna mwisho na hauna mwenyewe. Nyumba ya ndugu wanane kila mmoja anataka mgao wa kodi, na hakuna anayetaka kununua mbao za paa. Nimeona suluhisho moja tu likidumu: asilimia fulani ya kodi inaingia kwenye akaunti ya nyumba kabla mtu yeyote hajagawiwa, na akaunti inasainiwa na ndugu wawili wasiopikika chungu kimoja.

Kwenye karatasi, wanaobaki hujidanganya kwamba kwa kuwa hawauzi hawana haja ya kuhangaika. Nyumba nyingi bado zina jina la babu aliyefariki miaka ya themanini. Fungueni mirathi, msimamizi ateuliwe na mahakama, hati ihamishwe. Mkiwa huko tazameni muda wa umiliki: hati ya miaka 33 iliyotolewa miaka ya 1980 imekwisha, na hamtaki kuligundua hilo siku mradi wa barabara unapofika na daftari la fidia. Kama mna leseni ya makazi tu, fahamuni kwamba ni haki ya muda mfupi inayohitaji kuhuishwa.

Kwa safari na huduma hakuna njia nyingine inayoishinda hii. Tangu Mei 2016 Mwendokasi unapita Barabara ya Morogoro, na kutoka Magomeni hadi Kivukoni ni umbali ambao vijana wetu waliutembea kwa miguu. Muhimbili, Amana na Mwananyamala ziko jirani. Lakini mwambie ukweli anayeishi karibu na Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoa maisha na nyumba, na maji yamerudi mara nyingi tangu hapo. Mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji, DMDP, ulijenga mitaro na barabara katika kata kadhaa, na mahali ulipopita tofauti inaonekana. Kama maji huingia ndani kila masika na nyumba iko kwenye eneo la bonde linalotwaliwa na serikali, kubaki hakutakuwa uamuzi wenu.

Wapangaji wenu wanabaki, nanyi mnabaki na sauti. Mnajulikana kwa mjumbe wa shina, mnaweza kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema tulikuwepo hapa wakati mtaro huu unachimbwa.

Inawafaa familia yenye maelewano, yenye angalau mtu mmoja anayeishi kwenye nyumba, na isiyohitaji fedha nyingi kwa mkupuo.

Njia ya pili: ubia wa ghorofa

Hii ndiyo iliyoibadilisha Kariakoo. Familia inatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, ghorofa likiisha wanagawana sakafu. Ni njia yenye manufaa makubwa kuliko zote na yenye makaburi mengi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fedha kwanza. Hamtoi hata shilingi, na mkimaliza mna fleti kadhaa badala ya vyumba sita vyenye nyufa. Tatizo liko kwenye miaka ya kusubiri. Siku nyumba inabomolewa, kodi ya wapangaji inakoma na ninyi wenyewe mnakuwa wapangaji. Mkataba useme nani analipa pango lenu hadi mkabidhiwe, na afanye nini akichelewa. Someni pia mgao kwa macho ya mfanyabiashara. Fremu za chini ndizo zenye fedha, na mwekezaji mzoefu atawaachia kwa ukarimu sakafu za juu, ambako lifti ikiharibika bibi hatashuka tena. Mkipewa asilimia 40 ya sakafu bila fremu hata moja, hamkupewa asilimia 40 ya thamani. Baada ya hapo kodi ya majengo inapanda, kwa kuwa jengo la ghorofa hulipa Sh7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Karatasi ndizo zinazoamua kama ubia ni baraka. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake, na wamiliki kuunda umoja wa kusimamia lifti, maji, ngazi na paa. Daini hati hizo kwenye mkataba, kwa majina. Familia zinazoishia na maneno "ghorofa ya nne ni yenu" bila hati zinajikuta zinaishi kwa hisani. Msikubali hati mama, yaani ya kiwanja kizima, iwekwe rehani benki bila wakili wenu, anayelipwa na ninyi, kusoma kila ukurasa. Na kibali cha ujenzi kionyeshe idadi ya sakafu ileile itakayojengwa. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, likaua watu 36, na ikaonekana lilikuwa limepandishwa kuliko kibali kilivyoruhusu. Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka watu wakiwa kazini, zaidi ya 20 wakafa. Mkiwa wabia, jina lenu limo kwenye jengo hilo.

Safari inabaki nzuri kama zamani. Huduma zinategemea mtaa mzima: mabomba ya maji taka yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba za chini sasa yanapokea maji ya ghorofa kumi, na mtembezi wa Kariakoo anayajua matokeo kwa pua. Ghorofa lisilo na kisima, tangi la akiba na jenereta ni mzigo wa ngazi.

Wapangaji wa zamani wanaondoka wote. Sijaona ubia uliowarudisha. Familia yenye moyo inaweza kuwapa taarifa ya miezi mingi, kuwarudishia kodi iliyolipwa mbele, hata kudai kwenye mkataba sakafu moja ya vyumba vidogo vya kupangisha kwa bei ya chini. Hilo la mwisho mwekezaji atalikataa mara ya kwanza, msichoke kuliuliza. Kama mnataka mfano wa kwamba watu wa zamani wanaweza kurudi, nendeni Magomeni Kota. Nyumba za kota zilibomolewa, wakazi wakasubiri miaka mingi nje, wakiendelea kuhesabika na kudai, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua fleti 644 kwa kaya 644 zilezile. Zilitolewa kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, chumba kimoja kwa takriban Sh48.5 milioni na vyumba viwili takriban Sh56.9 milioni, bila kuhesabu thamani ya ardhi. Lile lilikuwa eneo la serikali na waliodai walikuwa na orodha. Wapangaji wa uwani hawana orodha.

Sauti yenu mtaani inabaki ila inabadilika. Mtakuwa sehemu ya umoja wa wamiliki, mkijadili lifti na majirani msiowajua, na mtaa wa chini utakuwa wa maduka yanayofungwa saa kumi na mbili.

Inawafaa familia yenye kiwanja chenye hati safi, mirathi iliyofungwa, wakili wao na mahali pa kukaa kwa miaka mitatu au zaidi. Mkipungukiwa na kimoja kati ya hivyo, ahirisheni.

Njia ya tatu: kuuza, kugawana na kujenga pembeni

Goba, Madale, Bunju, Chanika, Kibaha, Kigamboni ya ndani. Watu wanaichagua kwa sababu za haki. Kiwanja chako, hewa, kuku, watoto wanacheza ndani ya uzio, na hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini umepaka rangi ya chungwa. Inamaliza pia ugomvi wa urithi, na ugomvi wa urithi umeua undugu mwingi kuliko mafuriko.

Fungu la kila ndugu linaweza kuwa dogo kuliko mlivyodhani. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kuna fungu la dalali na kuna madeni ya pango la ardhi yaliyosahaulika. Halafu ugaweni kwa wanane. Kilichobaki kinatosha kiwanja na msingi, pengine boma hadi lenta, na wengi wanahamia kwenye nyumba isiyo na dari. Faida yake ni kwamba hujakopa. Mtanzania anajua kujenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi, na mwisho wa miaka hiyo ana nyumba isiyodaiwa na benki.

Kwenye karatasi hatari inageuka upande. Mjini mlikuwa wauzaji, sasa mnanunua. Kiwanja kilichopimwa chenye bikoni na namba kwenye ramani ya mipango miji ni kitu kimoja, kipande cha shamba kilichokatwa kwa mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa ni kingine. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkafanye upekuzi kabla ya kulipa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na baadhi ya waliobomolewa waliishi pale miaka mingi wakiamini wako salama.

Safari ndiyo bei halisi ya njia hii. Tuseme unatumia saa moja na nusu kwenda kazini na saa moja na nusu kurudi. Kwa siku 22 za mwezi ni saa 66, sawa na siku nane za kazi zinazolipwa na mwili wako. Ukiwa na gari unaongeza mafuta, usipokuwa nalo unaongeza bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani usiku. Baada ya mafuriko ya 2011 familia za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini, na baadhi zilirudi mjini kwa sababu riziki ilikuwa huku. Mwenye duka mtandaoni, mstaafu, mwalimu aliyehamishiwa shule ya hukohuko hawalipi bei hiyo. Maji yanaweza kuwa ya boza au kisima kwa miaka kadhaa, nguzo za umeme mtachangia, na barabara ya ndani itatengenezwa na kamati ya wakazi kabla serikali haijafika.

Wapangaji wa nyumba mliyouza wanapewa notisi na mnunuzi, na mara nyingi nyumba inabomolewa. Vyumba sita vya bei nafuu vinatoweka mjini na wale waliomo wanajisogeza Mbagala, Gongo la Mboto au Kwembe, nao wakiingia kwenye hesabu ya saa 66. Kama mnauza, andikeni kwenye mkataba wa mauziano muda wa wapangaji kuhama. Haigharimu kitu.

Sauti yenu inahamia mahali papya, na hapa kuna jambo jema. Mitaa ya pembeni inajengwa upya, watu wanaunda vikundi vya ulinzi, maji na barabara, na mgeni wa mwaka mmoja anaweza kuwa mjumbe. Mlichoacha nyuma ni shule ya msingi ambayo kamati yake ilikuwa na mhasibu na sasa haina.

Inawafaa ndugu wasioelewana, wastaafu, wanaofanya kazi pembeni, na wenye watoto wadogo ambao mzazi mmoja yupo nyumbani mchana.

Njia ya nne: kuchukua fleti ya shirika

Hapa naweza kuwa mfupi, kwa kuwa milango ni michache. Shirika la Nyumba lina mradi wa Samia Housing Scheme uliozinduliwa 2022, ukianzia Kawe. Watumishi Housing hujenga kwa ajili ya watumishi wa umma. Fleti zinauzwa kwa fedha taslimu au mkopo wa benki, na riba ya mikopo ya nyumba imekuwa ikizidi asilimia 13. Chukua mfano wa mkopo wa Sh80 milioni, riba asilimia 15, miaka 20: marejesho yanazidi kidogo Sh1.05 milioni kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa zaidi ya Sh250 milioni. Kwa anayelipa taslimu kutokana na fungu la urithi hesabu ni nyingine kabisa, na fleti ndogo inaweza kumwacha na akiba.

Karatasi ni safi kuliko njia zote, kwa kuwa unapata hati ya sehemu kutoka kwa mwenye jengo anayejulikana. Safari inategemea mradi: Kawe ni mjini, miradi ya Kigamboni inakupitisha darajani kwa tozo au kwenye pantoni. Huduma za pamoja zina ada ya kila mwezi, na majengo yanayochakaa mapema ni yale ambayo wamiliki wake hawakukubaliana ada hiyo. Wapangaji wa nyumba ya urithi wamo hatarini kama mkiuza ili mnunue fleti. Mnaweza kukwepa hilo kwa ndugu mmoja kununua mafungu ya wenzake na kuibakiza nyumba, huku wengine wakichukua fleti kwa fedha hizo. Sauti ni ya umoja wa wamiliki, wenye nguvu ukutani mwao na dhaifu nje ya geti.

Inamfaa mwenye mshahara wa uhakika, asiyetaka kusimamia mafundi, na mwenye familia ndogo.

Kwa hali yako

Mama bado yupo hai na anaishi kwenye nyumba: msimhamishe kwa ajili ya bei ya dalali. Karabatini chumba chake, choo na paa, na fungueni karatasi akiwa anaweza kusaini na kusimulia mipaka. Kumbukeni pia kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja.

Ndugu wamegawanyika, nusu wanataka fedha, nusu wanataka nyumba: ulizeni kwanza kama wanaotaka nyumba wanaweza kuwanunua wenzao kwa awamu, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa. Mkishindwa, uzeni mapema mkiwa mnaongea. Kuuza kwa amri ya mahakama baada ya miaka sita ya kesi kunakula fungu la wote.

Kiwanja kiko barabara kuu au Kariakoo, na mwekezaji ni wa kweli: tembeleeni majengo matatu aliyokwisha kuyajenga, ongeeni na wenye viwanja wa zamani bila yeye kuwepo, ulizeni kama walipata hati zao. Wakisema bado wanangoja, nanyi mtangoja.

Maji yanaingia ndani kila masika: pateni uhakika halmashauri kama eneo limo kwenye mpango wa bonde. Kama limo, kazi yenu ni kuandaa nyaraka za fidia, na pembeni au fleti ndiyo njia iliyobaki. Kama halimo, mtaro wa mtaa unaweza kubadilisha hesabu yote, na hapo nguvu ziende kwa mwenyekiti, diwani na TARURA kabla ya kwenda kwa dalali.

Kazi yako ni mjini, hulali zaidi ya saa sita, na watoto wako shule ya hapo jirani: pembeni patakuchosha mwaka wa kwanza. Nunua kiwanja kama unaweza, panda miti, chimba msingi, lakini endelea kulala mjini hadi kazi au barabara ibadilike.

Umestaafu, mafao yamelipwa, watoto wameoa: Bunju au Kibaha patakupa miaka ya utulivu. Hakikisha tu zahanati iko karibu na daladala inafika hadi jioni.

Wewe ni mpangaji kwenye nyumba ya namna hii na umesoma hadi hapa: omba mkataba wa maandishi hata kama mwenye nyumba ni kama mzazi, tunza risiti za kodi, na jiandikishe kwenye daftari la mkazi la mtaa. Ukisikia dalali amekuja mara ya pili, muulize mwenye nyumba waziwazi. Wengi wataona haya kukuficha, na miezi mitatu ya kujiandaa itakusaidia kutafuta chumba kingine mtaa huohuo kabla hujasukumwa hadi Chanika.